Bukini, Nchi ya Majina Marefu

Kila aliyesoma anaijua saa ya kuita majina. Mwalimu anateremka na rejista yake, Ali, Juma, Petro, mara anafika mahali anasita. Darasa zima linacheka kabla hajatamka neno, na mwenye jina anainamisha kichwa. Wako walioamua siku hiyo hiyo kulikata jina la babu yao, na hadi leo vyeti vyao vinasema vingine na wazazi wao wanasema vingine. Napenda basi tuvuke bahari twende Bukini, kisiwa ambacho ramani za leo hukiita Madagaska, tulione jina refu likiwa kwao.

Katika Imerina, nchi ya milima iliyo katikati ya kisiwa hicho, alizaliwa mnamo 1745 mtoto aliyeitwa Ramboasalama. Msomaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani sana. "Ra" ni neno la heshima. "Amboa" ni mbwa, neno ambalo Wamalagasi walilipata kwa Wabantu, kama walivyopata omby kutokana na ng'ombe na akoho kutokana na kuku. "Salama" ni ile ile salama yetu. Kwa hiyo mtoto wa nasaba ya kifalme aliitwa, kwa tafsiri ya harakaharaka, Bwana Mbwa Mzima! Wazazi hawakuwa wakifanya mzaha. Kisiwani humo ilikuwa desturi kumpa mtoto jina la kudharauliwa ili mabaya yampite. Nasi tunao akina Mashaka na Tabu, ingawa majina yao mara nyingi husimulia hali ya nyumba siku ya kuzaliwa.

Mtoto huyo alipotwaa enzi, mnamo 1787, aliliacha jina la mbwa akawa Andrianampoinimerina, yaani bwana aliye moyoni mwa Imerina. Hizo ni herufi 20, na baadhi ya maandiko humwongezea nyingine hadi zikapita 50, yakisema kwamba hana mfano miongoni mwa wafalme. Imerina wakati huo ilikuwa imegawanyika vipande vinne vilivyokuwa vikipigana. Yeye aliviunganisha, akaitwaa Antananarivo, na kufikia kifo chake mwaka 1810 hakuna aliyebaki wa kumpinga katika Imerina. Kwa maoni yangu jina lile lilifanya kazi ya gazeti katika nchi isiyokuwa na gazeti. Hata adui, akitaka kumtaja tu, alilazimika kutamka kuwa mtu huyo yumo moyoni mwa Imerina.

Wala halikuwachosha wenyeji. Wamalagasi humeza irabu za mwisho, na jina ambalo mgeni analisoma kwa jasho wao hulipitisha mara moja.

Upande wa magharibi, unaoelekea kwetu, Wasakalava walikuwa na mambo mengine tena. Mfalme akifa, jina alilolitumia hai lilikuwa mwiko kulitamka. Alipewa jipya, ambalo kwa kawaida lilianza na Andria na kuishia na arivo, maana yake elfu, kama Andriamandisoarivo aliyeanzisha ufalme wa Boina. Hata maneno ya kila siku yaliyofanana na jina la marehemu yaliachwa, watu wakatafuta mengine. Hebu fikirini ugumu wa kutunga kamusi katika nchi hiyo.

Urefu ukawa taabu ilipokuja kalamu. Mwaka 1823 Radama wa Kwanza, mwana wa Andrianampoinimerina, aliamua kuwa Kimalagasi kiandikwe kwa herufi za Kirumi: konsonanti zisomwe kwa desturi ya Kiingereza, irabu kwa desturi ya Kifaransa. Mwaka 1896 Ufaransa ikakifanya kisiwa koloni lake. Wafaransa wenyewe, tangu sheria ya 1803, walikuwa wakichagua majina ya watoto wao katika kalenda na historia ya kale tu, na sheria hiyo haikufutwa kabisa hadi 1993. Sisemi kwamba ilitumika Bukini. Nasema karani aliyelelewa hivyo ana mazoea yake kuhusu urefu wa mstari.

Wamalagasi hawakukata. Walilichukua jina la Yohana, kwao Jaona, wakalipachika Ra mbele na maneno mengine nyuma, likageuka la kwao. Rais wa nchi hiyo kuanzia 2014 hadi 2018 aliitwa Hery Rajaonarimampianina. Jina hilo la pili lina herufi 19.

Binamu zao kwa lugha, watu wa Hawaii, walibanwa zaidi. Huko sheria ya mwaka 1860, iliyotiwa sahihi na mfalme wao wenyewe, Kamehameha wa Nne, ilitaka kila mtoto atakayezaliwa apewe jina la Kikristo, na sharti hilo lilidumu hadi 1967. Mwaka 2013 mama mmoja wa huko, mwenye jina la ukoo la herufi 35 alilolipata kwa marehemu mumewe, alilalamika kwamba leseni yake ya udereva hailienei. Aliambiwa anaweza kulifupisha, akakataa. Kabla ya mwaka kwisha, serikali ya jimbo ilipanua nafasi ya jina katika leseni hadi herufi 40.