Hatima Huandikwa Kwenye Zabuni: Ununuzi na Marejesho ya Betri za Risasi Afrika Mashariki

Ikisiri

Makala hii inatetea hoja kwamba namna bidhaa inavyorudi baada ya kumaliza kazi huamuliwa siku inaponunuliwa. Mfano unaochambuliwa ni betri za risasi na asidi, zile za magari, umeme wa jua na mitambo ya viwandani. Betri kuukuu hazikosi mtu wa kuzirudisha, kwa kuwa zina thamani. Zinachokosa ni mkataba unaosema zirudi kwa nani, katika hali gani, na nani ajibu zikidhuru watu. Makala inapendekeza vifungu vinne vya mkataba wa ununuzi na kujibu pingamizi kuu mbili.

Utangulizi

Mwishoni mwa miaka ya 1990, Dale Rogers na Ronald Tibben-Lembke wa Chuo Kikuu cha Nevada, Reno, walieleza ugavi wa marejesho kuwa ni kupanga, kutekeleza na kudhibiti safari ya bidhaa kutoka kwa mtumiaji kurudi kwenye asili yake, ili thamani iliyobaki iokolewe au bidhaa iteketezwe inavyostahili. Miaka michache kabla yao, mwaka 1990, Thomas Lindhqvist wa Uswidi alikuwa amependekeza kwamba mzalishaji awajibike kwa bidhaa yake hata baada ya kuiuza. Mawazo hayo mawili yamezaa sheria nyingi, ikiwemo Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya Kenya ya mwaka 2022.

Hata hivyo, katika ofisi nyingi za ununuzi suala la marejesho bado huhesabiwa kuwa la watu wa mazingira. Ofisa ununuzi hutazama bei, ubora na muda wa kufikisha mzigo. Bidhaa ikichakaa, jalada lingine hufunguliwa na kamati nyingine huketi. Mgawanyo huo ndio ninaoupinga. Kwa bidhaa yenye sumu ndani yake, kuutenganisha ununuzi na marejesho ni kumwachia mtu asiyekuwepo mezani alipe gharama.

Kwa nini betri

Takriban asilimia 85 ya risasi inayotumika duniani huingia kwenye betri. Zaidi ya nusu ya uzito wa betri ya gari ni risasi. Sehemu inayobaki ni asidi ya salfa, kasha la plastiki na vitenganishi vya sahani. Risasi inaweza kuyeyushwa na kutumika tena mara nyingi bila kupoteza sifa zake, ndiyo maana betri mpya ya leo huenda imebeba risasi iliyokuwa kwenye magari ya kizazi kilichopita. Kwa nadharia, hakuna bidhaa ya kiwandani inayofaa zaidi kwa mzunguko wa marejesho.

Hatari nayo inatokana na sifa hizohizo. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327 za Selsiasi, joto ambalo moto wa mkaa hulifikia bila shida. Haihitaji kiwanda; sufuria, shoka na uwanja wa nyuma vinatosha. Shirika la Afya Duniani linasema wazi kwamba hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na wanaoumia zaidi ni watoto, ambao ubongo wao bado unakua.

Tufuate betri moja kuukuu. Fundi wa gari anaiuza kwa mnunuzi wa vyuma chakavu anayepita na mkokoteni. Mnunuzi huyo naye anaipeleka kwenye mizani ya mfanyabiashara mkubwa, anayelipa kwa kilo na hataki kulipia maji. Kwa hiyo kabla ya mizani betri inapinduliwa na asidi inamwagwa mtaroni au chini ya mti, na chembe za risasi zinakwenda nayo. Aliyemwaga hakukusudia kumdhuru mtu. Alikuwa anatii namna ya kulipa. Mwenye mizani angekuwa analipia betri nzima ikiwa na asidi yake, mtaro ungebaki salama. Sharti moja la malipo, ambalo halijaandikwa popote, limeshaamua ardhi ya mtaa huo itakuwaje kwa miaka mingi.

Marejesho yasiyo na mwenyewe

Bara letu limeshalipia somo hili. Huko Thiaroye-sur-Mer, pembezoni mwa Dakar, wakazi walikuwa wakichekecha mchanga uliojaa mabaki ya betri ili wapate vipande vya risasi vya kuuza. Kati ya Novemba 2007 na mapema mwaka 2008, watoto 18 walifariki. Palikuwa na ukusanyaji, usafirishaji na mnunuzi wa risasi, yaani mnyororo wa marejesho ulikuwa ukifanya kazi. Asiyekuwepo ni mtu wa kuwajibika kwa mnyororo huo.

Mombasa, katika mtaa wa Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilianza kazi mwaka 2007 ubavuni mwa nyumba za watu na kikafungwa mwaka 2014. Phyllis Omido, aliyewahi kuajiriwa kiwandani humo na ambaye mwanawe alikutwa na risasi katika damu, aliongoza harakati za wakazi na kutunukiwa Tuzo ya Goldman mwaka 2015. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Hukumu hiyo ilipingwa kwenye rufaa, na Desemba 2024 Mahakama ya Upeo ikairejesha fidia hiyo. Tangu kiwanda kilipofunguliwa hadi uamuzi huo wa mwisho, ni miaka 17.

Kesi hii imejadiliwa sana kwa upande wa haki za mazingira na uzembe wa wasimamizi. Upande wa ununuzi umesahaulika. Kila kilo ya risasi iliyotoka pale ilikuwa na mnunuzi, na kila betri iliyoingia ilikuwa na muuzaji. Katika ncha zote mbili palikuwa na makubaliano ya bei. Laiti mnunuzi wa risasi angedai ushahidi wa namna ilivyoyeyushwa kabla ya kulipa, kiwanda kingelazimika kujirekebisha au kukosa soko, tena mapema kuliko mahakama ilivyoweza kusema neno.

Bei mbili zinazokutana

Tatizo linakuzwa na taratibu zenyewe za ununuzi wa umma. Sheria ya Kenya ya mwaka 2015 inaunganisha ununuzi na uondoshaji wa mali katika sheria moja, na Sheria ya Ununuzi wa Umma ya Tanzania ya mwaka 2023 nayo inagusa uondoshaji wa mali za umma kwa zabuni. Muunganiko huo ni mzuri kwenye karatasi. Lakini kwa mazoea, ununuzi humwelekea mwenye bei ya chini na uondoshaji humwelekea mwenye bei ya juu, na kwa betri kanuni hizo mbili huchagua watu walewale.

Muuzaji wa betri mpya anayeweza kushusha bei kuliko wenzake mara nyingi ni yule asiyegharimia mpango wowote wa kuzirudisha. Kwenye mnada wa betri kuukuu, anayeweza kupandisha dau kuliko wengine ni yule asiyegharimia mtambo wa kusafisha asidi, vichujio vya moshi wala vipimo vya damu vya wafanyakazi wake. Taasisi inayofuata utaratibu hatua kwa hatua inaweza kupata hati safi ya ukaguzi huku betri zake zikiyeyushwa katikati ya makazi ya watu. Wahenga walisema rahisi ni ghali. Hapa ughali wenyewe unalipwa na jirani ambaye hakununua chochote.

Vifungu vinne

Mkataba wa ununuzi unaweza kuivunja hali hii. Mfano tunao madukani. Mwenye duka anayetaka kreti ya soda za chupa hurudisha kreti yenye chupa tupu, la sivyo anaweka amana. Mtambo wa soda unanunua chupa, unazijaza na kuzipokea zikirudi. Chupa inayopotea ni hasara yake, kwa hiyo njia ya kurudi imepangwa kwa umakini uleule wa njia ya kwenda.

Kifungu cha kwanza kiwe cha kubadilishana: anayeleta betri mpya achukue kuukuu siku hiyohiyo na kwa gari lilelile. Ujerumani iliweka amana ya yuro 7.50 kwa mnunuzi wa betri ya gari asiyerudisha ya zamani. Kiasi hicho si kikubwa, lakini kinatosha kuifanya betri kuukuu irudi dukani badala ya kuingia uchochoroni.

Cha pili, betri irudi nzima, na asidi yake ndani, na malipo yahesabiwe kwa betri nzima. Hivyo sababu ya kumwaga asidi inaondoka.

Cha tatu, uzito ulinganishwe. Kiwanda kilichonunua betri 200 za kilo 15 kimepokea tani tatu. Muuzaji aoneshe kwa hati za mizani tani ngapi zimerudi na zimekwenda wapi. Kwa betri za fokolifti, ambazo moja huweza kufikia tani nzima, hesabu hii ni rahisi zaidi kuliko ya vipuri vingi tunavyovihesabu kila mwezi.

Cha nne, mtambo wa mwisho utajwe. Mkataba useme betri zitayeyushwa wapi na kwa kibali gani. Zikivuka mpaka, taratibu za Mkataba wa Basel wa mwaka 1989 zifuatwe, ikiwemo ridhaa ya nchi inayopokea. Kiwanda kinachotengeneza betri nacho kidai ushahidi huohuo kwa risasi kinayoinunua kama malighafi.

Pingamizi

Pingamizi la kwanza ni kwamba bei itapanda na mwananchi ataumia, hasa anayenunua betri ya umeme wa jua kijijini. Anayebadilisha betri halipi amana. Anayenunua kwa mara ya kwanza atailipa, na atarudishiwa siku atakapoileta, hivyo betri yake iliyokufa inakuwa na fedha ndani yake. Kwa wenye kipato kidogo amana inaweza kugawanywa katika malipo ya awamu, kama mitambo yenyewe ya umeme wa jua inavyouzwa. Gharama ya kurudisha kweli ipo, na tayari inalipwa, ila inalipwa zahanati.

La pili ni zito zaidi: maelfu ya watu wanaishi kwa kukusanya vyuma chakavu, na utaratibu rasmi unaweza kuwanyang'anya riziki. Mpango wowote wa kuwafukuza hautafanikiwa, kwa sababu wao ndio wanaozijua njia za mitaani. Wasajiliwe kuwa mawakala wa ukusanyaji, walipwe kwa kila betri nzima, wapewe glavu na vyombo vya kubebea. Kazi ya kukusanya ibaki kwao, ile ya kuvunja na kuyeyusha iende kwenye mitambo yenye kibali. Mkusanyaji ndiye wa kwanza kuishika risasi na kuipeleka nyumbani kwenye nguo zake, kwa hiyo yeye na wanawe watakuwa wa kwanza kunufaika.

Hitimisho

Sheria za mazingira zinahitajika, na mahakama zimefanya kazi ya kupigiwa mfano, lakini zote mbili huja baada ya madhara. Ofisa ununuzi huja kabla. Ndiye anayeandika vigezo vya zabuni wakati ambapo muuzaji bado ana hamu ya kukubali masharti. Kwa hiyo bodi za taaluma, ikiwemo Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi ya Tanzania, zifundishe na kutahini marejesho kama sehemu ya ununuzi wenyewe, na wakaguzi waulize betri ziliishia wapi kwa ukali uleule wanaoulizia stakabadhi. Zabuni ya betri isiyosema betri hizo zitarudi vipi haijakamilika, na ofisa anayejua risasi inavyomfanya mtoto hana sababu ya kuitia saini.