Asili ya Neno "Kima"

Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa kwanza aliandika katika insha yake kwamba neno kima, kwa maana ya thamani, ni la Kibantu halisi, kwa kuwa lina kiambishi ki- na wingi wake ni vima. Mwenzake akampinga, akadai kwamba kima zote asili yake ni Kiarabu, hata yule mnyama. Wote wawili walikosea, na kosa lao ni moja: waliyapima maneno kwa sura ya herufi zake tu.

Tuanze na mnyama. Kima wa msituni, wa jamii ya tumbili, ana ndugu katika lugha nyingi za Kibantu. Waganda humwita enkima, na Wanyarwanda inkima. Huku pwani ile n iliyotangulia k ilidondoka, ikaacha nyuma yake mpumuo, kama ilivyotokea katika kuku, ambaye Waganda humwita enkoko. Ndiyo maana Mmvita husikika akiipumulia k ya kima huyu, kama aipumuliavyo p ya paa wa porini, ambayo haipumulii katika paa la nyumba. Ki hapa ni sehemu ya shina, wala si kiambishi. Kwa hiyo twasema kima wawili, si vima.

Kima cha thamani kimetoka katika neno la Kiarabu qīma, ambalo mzizi wake una maana ya kusimama. Katika mzizi huo huo Waswahili wamepokea pia kaimu, asimamaye mahali pa mwingine, makamu, na kiyama, siku watu watakaposimamishwa. Thamani ya kitu, basi, ni pale kinaposimama. Lakini Mswahili alipoisikia ki- mwanzoni aliichukua kuwa kiambishi, kama alivyofanya kwa kitabu akapata vitabu, ingawa katika Kiarabu k ya kitabu ni herufi ya mzizi. Hivyo tukapata kima cha chini cha mshahara. Upatanisho huo ni wa Kibantu kabisa. Neno lenyewe ni mgeni. Mwanafunzi wetu wa kwanza alikuwa ameona jambo la kweli, ila alilitolea hukumu isiyofaa.

Kima ya tatu ni ile nyama iliyosagwa ambayo hutiwa ndani ya sambusa. Hii si ya Kibantu wala si ya Kiarabu. Chanzo chake ni Kituruki, kıyma, kutokana na kitenzi chenye maana ya kukatakata. Ilipita Uajemi ikaingia Bara Hindi, na kutoka huko ikatufikia. Katika Kiurdu nyama hiyo ni qīma na bei ni qīmat, hivyo ile t ya mwisho huyatenga maneno mawili ambayo kwetu yamegongana. Cha ajabu ni kwamba kima hii haikuvutwa katika ngeli ya ki-vi. Wapishi husema kima ya ng'ombe, wala sijasikia kima cha ng'ombe. Nadhani ni neno nyama, ambalo hueleweka hata lisipotajwa, lililoishika upande wake.

Mwandishi wa hati za Kiarabu aliweza, akipenda, kuitenga qaf ya thamani na kaf ya mnyama. Hati za Kilatini zilitunyima nafasi hiyo. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Unguja kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu, na Kamati iliyoundwa mwaka 1930 ilipoendeleza tahajia moja, q haikuwamo, na mpumuo haukuandikwa. Sisemi kwamba uamuzi ule ulikuwa mbaya, maana tahajia ya watu wengi haina budi kuwa nyepesi. Lakini hasara yake ni hii tunayoizungumzia.

Hata hivyo, sarufi imehifadhi kile kilichofutwa na maandishi. Chukua kitenzi kimoja tu: kima amepanda, kima kimepanda, kima imepanda. Wa kwanza yuko mtini, cha pili kinamfurahisha mfanyakazi, na ya tatu ni malalamiko ya mpishi aliyetoka sokoni. Mtunzi wa kamusi anayeyakusanya matatu haya chini ya kidahizo kimoja, kana kwamba ni maana tatu za neno moja, anamrudisha msomaji pale pale walipokuwa wanafunzi wetu wawili. Yapewe vidahizo vitatu, na kila kimoja kionyeshe ngeli yake kabla ya maana.