Maradhi Yaliyofichwa kwa Haya: Habari za Akina Mama wa Kiwira

Katika kitabu hiki cha Yubile zimeandikwa habari za makanisa yaliyojengwa, za mapadre waliotutangulia na za shule zilizofunguliwa. Sisi makatekista wa pande za Kiwira twaomba nafasi ndogo tueleze kazi isiyo na jengo wala kengele, yaani kazi ya akina mama ya kufundishana juu ya saratani ya mlango wa kizazi. Twaieleza kwa kuwa ni kazi ya kuokoa uhai, tena kwa kuwa sisi wenyewe tuliichelewesha.

Kwanza tukumbuke mahali petu. Kiwira ni mji mdogo wa soko kando ya njia itokayo Mbeya kwenda Tukuyu, katika nchi ya mvua nyingi, migomba na chai, karibu na mlima Rungwe. Mwaka wa 1891 ndugu Wamoravian, pamoja na Theodor Meyer, walianza kazi Rungwe. Mwaka ule ule Misheni ya Berlin nayo iliingia Unyakyusa pamoja na Alexander Merensky. Kanisa letu Katoliki lilifuata baadaye. Mwaka wa 1938 Tukuyu ilifanywa Prefektura ya Kitume, kisha makao yakahamia Mbeya, ambayo ikawa Jimbo mwaka wa 1953, na Jimbo Kuu mwaka wa 2018. Kila misheni ilipofika, dawa ilifuatana na kitabu. Watu wakazoea kumleta mtoto mwenye homa na mtu mwenye kidonda. Lakini maradhi ya ndani ya mwanamke hayakuletwa.

Sababu yake ilikuwa desturi. Zamani za wazee wetu mke wa Kinyakyusa hakuonana uso kwa uso na baba mkwe wake. Akimwona njiani alijificha, wala hakuthubutu kulitamka jina lake. Heshima hiyo ilikuwa na uzuri wake, nayo ilitunza amani ya nyumba nyingi. Lakini heshima ikipita kiasi huzaa ukimya. Mwanamke aliyetokwa na damu baada ya kukoma hedhi, au baada ya kukutana na mumewe, au aliyetokwa na maji yenye harufu, amwambie nani? Alinyamaza mpaka maumivu ya kiuno yakamlaza kitandani. Ndipo alipopelekwa hospitali, na mara nyingi akaambiwa kwamba amechelewa.

Nasi makatekista tuliitwa. Tulisali, tukazika, tukasema kwamba marehemu amefariki kwa maradhi ya muda mrefu. Hatukusema uongo, lakini hatukusema kweli yote. Binti zake walisimama kaburini wakitusikiliza, wakarudi nyumbani bila kujua jina la ugonjwa uliomwua mama yao, wala kwamba wao wangeweza kujikinga nao. Hilo ndilo kosa tunaloliungama katika mwaka huu wa Yubile.

Sasa tueleze ugonjwa wenyewe. Mwaka wa 1983 mtaalamu wa Ujerumani, Harald zur Hausen, pamoja na wenzake, waligundua katika saratani hii aina ya kirusi kiitwacho HPV. Kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 2008. Kirusi hiki huambukizwa kwa kujamiiana, nacho kimeenea sana, hata watu wengi hukipata wakati fulani wa maisha yao. Kwa walio wengi mwili hukiondoa wenyewe. Kwa wachache hubaki, kikaharibu mlango wa kizazi polepole, kwa muda wa miaka 10 hata 20. Basi na isemwe wazi: ugonjwa huu si alama ya uasherati. Mke mwaminifu aweza kuupata. Mwenye VVU yumo katika hatari kubwa zaidi, yapata mara sita.

Kwa kuwa ugonjwa huenda polepole, nafasi ya kuuzuia ni kubwa. Muuguzi hupaka siki nyepesi kwenye mlango wa kizazi, akangoja kama dakika moja; mahali palipoanza kuharibika hugeuka peupe. Mara nyingi pahali hapo hutibiwa siku ile ile, kwa baridi kali au kwa joto, kabla hapajawa saratani. Linganisheni na safari ya yule aliyechelewa. Huyo huenda akalazimika kwenda mpaka Ocean Road, Dar es Salaam, hospitali iliyojengwa zamani za Wadachi na kufanywa Taasisi ya Saratani mwaka wa 1996. Nayo i mbali na Tukuyu zaidi ya kilometa 800. Kwa hesabu ya mwaka wa 2020, wanawake wapatao 10,000 wa Tanzania walipata ugonjwa huu mwaka ule, na zaidi ya 6,500 walikufa kwao.

Lakini nani angeyafundisha mambo haya? Daktari huja akaenda zake. Sisi makatekista ni wanaume, na mbele yetu akina mama huinamisha macho. Ndipo kazi ikawa yao wenyewe. Wazee wetu walikuwa na neno ukwangala, maana yake kuketi pamoja kwa urafiki na kufurahia mazungumzo. Akina mama waliifanya desturi hiyo kuwa darasa. Katika jumuiya ndogo ndogo, sokoni penye mikungu ya ndizi, au nyuma ya nyumba wakimenya ndizi, yule aliyekwisha kupimwa huwaeleza wenzake jinsi alivyolala, muda uliopita, na majibu aliyopewa. Mmoja akisema kwamba kipimo hung'oa kizazi, yeye hujibu, "Mbona mimi ninacho?" Maneno ya jirani huaminiwa pale ambapo karatasi iliyobandikwa ukutani haisomwi.

Kwa walimu tuna neno pia. Mwezi wa Aprili 2018 Serikali ilianza kuwachanja wasichana wa miaka 14 nchini kote, kwa sindano mbili. Tangu mwaka wa 2024 sindano imekuwa moja, nayo hutolewa kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Uvumi ulikuwako, kwamba chanjo hufunga kizazi. Si kweli; ugonjwa wenyewe ndio unaoharibu kizazi. Mwalimu na awaite wazazi kabla ya siku ya chanjo, awaeleze kwa upole, asingoje mpaka uvumi umtangulie.

Basi, akina mama wa miaka 30 hadi 50, nendeni mkapimwe, hata kama hamsikii maumivu yo yote. Mwenye VVU aanze mapema zaidi, tena arudi mara nyingi zaidi. Aliyechanjwa naye, akifikia umri huo, apimwe. Mwenye kutokwa na damu isiyo ya desturi asingoje siku ya kampeni. Nanyi akina baba, msiwaulize wake zenu kwa hasira wanakokwenda. Toeni nauli, mkalinde watoto.

Wapendwa, Injili yatukumbusha mwanamke aliyetokwa na damu miaka 12, aliyekuja nyuma ya umati akagusa vazi kwa siri. Bwana hakumwacha aondoke kwa siri. Alimwita, akamsikiliza mbele ya watu wote, akamwita binti. Kanisa letu na lifanye vivyo hivyo, ili katika Yubile ijayo wanaotufuata wapate kuandika kwamba makaburi ya namna hii yamekuwa machache huku Kiwira.