Theluji Ilipoyeyuka Texas

Usiku wa kuamkia Jumatatu, tarehe 15 Februari 2021, saa saba na dakika ishirini, wasimamizi wa gridi ya umeme ya Texas walianza kuwakatia wateja umeme. Vituo vya kuzalishia vilikuwa vinazimika kimoja baada ya kingine, na kabla ya saa nane gridi nzima ilibakiza dakika 4 na sekunde 37 izimike kabisa. Nje theluji ilikuwa inadondoka mpaka Galveston, mji wa pwani ambao hofu yake ya kila mwaka ni vimbunga.

Wananchi waliambiwa ni mgao. Anayeujua mgao wa Dar es Salaam hutarajia giza la saa chache, kisha zamu ya mtaa mwingine. Zamu hiyo haikufika. Zaidi ya nyumba na biashara milioni 4.5 zilikosa umeme, nyingine kwa siku kadhaa mfululizo, na Dallas ilishuka hadi nyuzi 19 chini ya sifuri.

Nyumba za Texas zimejengwa kwa ajili ya joto. Mabomba mengi hupita darini au ndani ya kuta za nje, mahali ambapo baridi hufika mapema. Maji yakiganda hutanuka kwa asilimia 9 hivi na bomba hupasuka, lakini mwenye nyumba hana habari, maana barafu yenyewe imeziba ufa. Balaa hujitokeza jua likirudi. Familia zilizokuwa zinashangilia taa kuwaka ziliona dari ya jipsamu ikilowa, ikivimba, kisha ikianguka juu ya vitanda na makochi. Aliyejua koki kuu ilipo aliokoa nusu ya nyumba yake. Mafundi bomba wakawa adimu na viungio vya mabomba vikaisha madukani. Mamilioni waliagizwa kuchemsha maji ya kunywa, na ambao bomba halikutoa kitu waliyeyusha theluji kwenye ndoo wapate ya kumwaga chooni.

Idara ya afya ya jimbo ilihesabu vifo 246. Karibu theluthi mbili vililetwa na baridi yenyewe. Watu 19 waliuawa na hewa ya sumu ya kaboni monoksidi, ile ile inayoua Njombe na Limuru msimu wa baridi, jiko la mkaa linapoingizwa chumbani na mlango kufungwa. Mtu anayetetemeka na watoto hafikirii hewa, hufikiria moto. Ndiyo maana naona vifo hivi havikustahili kubebeshwa wafu wenyewe, wala theluji peke yake.

Kwa sababu onyo lilikuwepo. Februari 2011 baridi iliwahi kuzima vituo vya jimbo hilohilo, na mwaka huohuo ripoti ya serikali kuu ikashauri mitambo na visima vya gesi vikingwe dhidi ya barafu. Ushauri wa namna hiyo ulikuwa umetolewa hata baada ya baridi ya 1989. Lakini Texas iliitenga gridi yake na za majimbo jirani, kwa kiasi kikubwa ili isimamiwe kidogo na serikali kuu, na ukingaji ukaachwa kwa hiari ya wenye mitambo. Wengi hawakufanya. Visima vikaganda, vituo vikakosa gesi. Umeme ulipokatwa, baadhi ya mitambo ya kusukuma gesi nayo ikazimika, na upungufu ukazidi.

Tazama El Paso, iliyo ndani ya Texas lakini imeungwa na gridi ya magharibi. Baada ya 2011 kampuni ya umeme ya huko iligharamia kuikinga mitambo yake. Mwaka 2021 wateja wake wachache tu walikatikiwa, tena kwa muda mfupi.

Juni 2021 Gavana Greg Abbott alisaini sheria ya kulazimisha vituo vya umeme vikingwe. Baridi kali ya Desemba 2022 ilipoingia, gridi ilihimili bila mgao. Majumbani, ukingaji umebaki kazi ya mkaazi: kuyavika mabomba kabla ya usiku wa baridi, kuacha koki zidondoshe maji kidogo kidogo, na kumwonyesha kila mkubwa ndani ya nyumba mahali pa kufungia maji.