Biatloni 2022: mchezo wa bunduki uliokutana na vita



Juma lililopita mzee mmoja aliniuliza, tukiwa kando ya kiwanja cha mpira ambacho sasa kimejaa maturubai: «Mwandishi, vita ikifika, michezo inaendaga wapi?» Sikuwa na jibu. Nimelitafuta mbali, katika mchezo ambao wengi wetu hatujauona hata siku moja.

Mchezo huo unaitwa biatloni. Mchezaji anateleza juu ya theluji, ile nyeupe ambayo watu wa Mutwanga wanaiona kwenye vilele vya Ruwenzori. Miguuni amefunga mbao mbili ndefu nyembamba, mgongoni amebeba bunduki. Anakimbia kilomita kadhaa, moyo unamdunda, kisha anasimama kupiga shabaha tano zilizo mita 50 mbele yake. Zamu moja anapiga akiwa amelala, zamu nyingine akiwa amesimama. Akilala, shabaha ina upana wa milimita 45 tu. Akikosa, katika mbio nyingi anazungushwa njia ya adhabu ya mita 150 kwa kila risasi iliyopotea, huku wenzake wanaendelea mbele. Kwa hiyo mwenye mbio peke yake hashindi. Lazima ajue pia kutuliza pumzi.

Mchezo huu ulizaliwa jeshini. Mwaka wa 1767 walinzi wa mpaka kati ya Norwe na Uswidi walishindana kwa mbao na bunduki. Mwaka wa 1924, kule Chamonix, Ufaransa, askari walishindana kwa vikundi vya doria. Mwaka wa 1960 biatloni iliingia Olimpiki kule Squaw Valley, Marekani, na Klas Lestander wa Uswidi akashinda kwa kupata shabaha zote 20. Mwaka wa 1978 waliacha bunduki kubwa, wakachukua ndogo inayotumika hadi leo. Wanawake waliingia Olimpiki mwaka wa 1992. Pole pole bunduki iliondolewa vitani, ikawa chombo cha mchezo.

Sasa tufike kwenye msimu wa 2021-2022. Ulianza Novemba kule Östersund, Uswidi. Mwezi wa pili wachezaji walikwenda Olimpiki ya China, mbio zikafanyika Zhangjiakou. Quentin Fillon Maillet wa Ufaransa alirudi na medali tano, mbili za dhahabu. Marte Olsbu Røiseland wa Norwe naye alipata tano, tatu za dhahabu. Johannes Thingnes Bø, wa Norwe pia, alichukua dhahabu nne. Anton Smolski wa Belarusi alipata fedha. Warusi na Waukraine walikuwa kwenye mstari mmoja wa kupigia shabaha.

Olimpiki ilifungwa tarehe 20 Februari. Tarehe 24, Urusi iliingia Ukraine kwa silaha.

Shirikisho la dunia la biatloni lilisema kwanza kwamba Warusi na Wabelarusi wanaweza kushindana bila bendera. Tarehe 2 Machi likawafungia mlango kabisa. Kuna waliouliza kosa la mchezaji ni lipi, ikiwa yeye hakumpiga mtu. Wengine wakajibu kwamba huwezi kushangilia bendera ya nchi inayobomoa nyumba za mwenzako wa mbio.

Mbio ziliendelea Kontiolahti, Ufini, lakini ekipe ya Ukraine haikuwapo. Dmytro Pidruchnyi, bingwa wa dunia wa mwaka wa 2019, alikuwa amevaa sare ya kijeshi kwao Ternopil. Yevhen Malyshev, kijana wa miaka 19 aliyekuwa amechezea ekipe ya vijana ya Ukraine, aliuawa vitani karibu na Kharkiv. Kwao bunduki ilikuwa imerudi ilikotoka.

Msimu ulikwisha Oslo tarehe 20 Machi. Fillon Maillet na Røiseland ndio waliopewa taji kubwa la mwaka. Juma moja baadaye, usiku wa tarehe 27 kuamkia 28, milio ilisikika Tchanzu na Runyoni, katika Rutshuru. Mama zetu walivuka Bunagana na watoto mgongoni kwenda Uganda. Baadhi yenu mnaonisoma mlikuwa njiani usiku ule. Ukraine, shirikisho la michezo lilichukua siku sita kuamua. Sisi, hesabu ya siku zetu mnaijua wenyewe.

Lakini habari haikuishia hapo. Msimu uliofuata Waukraine walirudi kwenye mbio, Pidruchnyi akiwa kati yao, wakati vita vinaendelea nyumbani. Hawakuwa na amani, ila walikataa jina la nchi yao lisahaulike katika orodha ya wanaokimbia.

Basi, mzee wangu, jibu langu ni hili: vita ikifika, michezo inafuata watu. Wachezaji wengine wanaingia jeshini, wengine wanakufa, wengine wanahama na mbao zao. Jana jioni, kati ya maturubai, niliona vijana wameweka mawe mawili kuwa goli, na mpira wao ni mifuko iliyofungwa kwa kamba. Nilikuona na wewe pale, umekaa juu ya bidoni, ukiwahesabia mabao.