Sindano za Lincoln: Maumivu ya Mwili na Siasa Yake

Tumezoea kuieleza tiba ya sindano, yaani akupancha, kama urithi wa Uchina wa kale unaouzwa leo kwa wenye fedha. Anayeumwa shingo kwa mikesha ya kazi, au mgongo kwa hofu ya madeni, hulala kitandani, akachomwa sindano nyembamba, akalipa, akaenda zake. Mimi napendelea kuifundisha kupitia historia nyingine: ile ya hospitali moja ya makabwela jijini New York.

Hospitali ya Lincoln ilihudumia Bronx Kusini, eneo la Wamarekani weusi na watu wenye asili ya Puerto Rico. Jengo lake lilikuwa limechakaa, na wakazi waliiita bucha. Tarehe 14 Julai 1970, vijana wa chama cha Young Lords waliiteka kwa takriban saa 12, wakidai huduma inayomstahili binadamu. Novemba mwaka huohuo walirudi pamoja na wanaharakati wengine, safari hii kwa sababu ya heroini, iliyokuwa ikiumaliza mtaa. Hivyo ndivyo kilivyozaliwa kituo cha tiba ya uraibu kilichojulikana kama Lincoln Detox.

Mwanzoni kituo kilitumia methadoni, dawa ambayo Tanzania tunaifahamu tangu ilipoanza kutolewa Muhimbili mwaka 2011. Wanaharakati wale waliitilia shaka. Waliona ni kumvua mtu mnyororo mmoja na kumvisha mwingine. Mwaka 1973, daktari H. L. Wen wa Hong Kong alichapisha taarifa kwamba sindano za masikioni, zikipitishiwa umeme kidogo, zilipunguza arosto ya waraibu wa kasumba. Mutulu Shakur, ambaye wengi wenu mnamjua kama baba wa kambo wa Tupac, alikuwa miongoni mwa waliojifunza tiba hiyo pale Lincoln, kisha wakawafundisha wengine. Umeme ukaachwa, sindano zikabaki.

Tukumbuke arosto ni nini. Mifupa huuma, misuli hukakamaa, usingizi hukimbia, na hofu huzidisha yote hayo. Ni mahali ambapo mpaka kati ya dhiki ya nafsi na maumivu ya mwili hauonekani tena. Kwa hiyo kituo kiliambatanisha sindano na mafunzo ya siasa. Mgonjwa aliyepata nafuu alialikwa kujadili kwa nini heroini imeujaa mtaa wake, na ni nani anayefaidika nayo. Swali hilo lilihesabiwa kuwa sehemu ya tiba.

Mwaka 1978, chini ya Meya Ed Koch, wanaharakati hao waliondolewa kwa nguvu ya polisi. Sindano, hata hivyo, ziliendelea chini ya daktari Michael Smith, na mwaka 1985 likaundwa shirika la NADA kueneza utaratibu wa kuchoma pointi tano za sikio. Utaratibu huo umefika magerezani, na baada ya mashambulizi ya 11 Septemba 2001 ulitumika New York kutuliza msongo wa walionusurika na waokoaji. Mafunzo ya siasa hayakusafiri nao.

Sidai kwamba sindano hutenda miujiza. Tafiti juu ya maumivu ya muda mrefu zimeonesha nafuu ya kiasi, na tofauti kati ya sindano za kweli na za kuigiza huwa ndogo. Kwa uraibu wa kokeini, jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2002 halikuona kuwa za kweli zinazishinda za kuigiza. Hata hivyo, nafuu ya kiasi si kitu cha kudharauliwa na mtu asiyelala.

Kinachonishughulisha ni mgawanyo ule wa 1978: sindano iliruhusiwa kubaki, swali likafukuzwa. Mtumishi wa umma anayeumwa mgongo kwa sababu mshahara umechelewa anastahili nafuu leo. Asiambiwe angoje mapinduzi. Lakini ofisi inayomlipia tiba huku ikiuacha mshahara uendelee kuchelewa imechagua kutibu kilicho rahisi. Tumpe tiba inayomfaa, kisha tumuulize ni nini kinachomuumiza, na jibu lake liandikwe katika kumbukumbu za kikao pamoja na jina la atakayelishughulikia.