Ukibadilisha sigara kwa vepu, utaacha kukoroma? Mambo ya kujua

Katika nyumba ya chumba kimoja, mtu mmoja akikoroma, wote hukosa usingizi. Kwa familia za Giteranyi, na kwa wakimbizi walioko kambi ya Kinama huko Gasorwe, jambo hili si la kuchekesha tu. Linaleta ugomvi kati ya mume na mke, linachosha watoto wanaotakiwa shuleni asubuhi, na mara nyingine ni dalili ya ugonjwa.

Baadhi ya wavutaji wanasikia kutoka kwa ndugu walioko ng'ambo kwamba sigara ya kielektroniki, yaani vepu, haina moshi na kwa hiyo inamaliza kukoroma. Jibu fupi ni hili: koo linaweza kupata nafuu moshi ukiondoka, lakini nikotini inabaki, na nikotini huharibu usingizi. Faida kamili anaipata anayeacha vyote viwili.

Kwa nini mtu anakoroma?

Tukilala, misuli ya koo inalegea na njia ya hewa inakuwa nyembamba. Hewa ikipita kwa shida, nyama laini za koo hutikisika na kutoa sauti. Njia hiyo ikizidi kubanwa na mafua, uzito mkubwa, pombe au uvimbe, sauti nayo inaongezeka.

Sigara inahusikaje?

Moshi huunguza ngozi laini ya ndani ya pua na koo. Ngozi hiyo inavimba, makamasi yanaongezeka, na nafasi ya hewa inapungua.

Utafiti uliotolewa mwaka 2004 uliuliza zaidi ya watu 15,000 katika nchi tano za kaskazini mwa Ulaya. Waliokoroma kwa nguvu angalau usiku 3 kwa wiki walikuwa takriban 24 kati ya kila wavutaji 100. Kwa walioacha walikuwa 20, na kwa wasiowahi kuvuta 14. Hata miongoni mwa watu ambao hawajawahi kuvuta, walioishi na moshi wa wengine nyumbani kila siku walikoroma zaidi: karibu 20 kati ya 100, wakati wasioishi na moshi walikuwa 13.

Kwa hiyo anayevuta ndani ya nyumba hajidhuru peke yake. Mke, mtoto na mzee wanaolala chumba hicho wanavuta pamoja naye. Ni vivyo hivyo kwa tumbaku ya kiko au ya kusokota. Moshi wa kuni na makaa ndani ya nyumba nao unaunguza pua na koo.

Vepu inabadilisha nini?

Vepu ni kifaa cha betri kinachochemsha maji maalumu yenye nikotini na manukato hadi yawe mvuke. Hakichomi tumbaku, kwa hiyo hakitoi lami wala hewa ya sumu ya kaboni monoksaidi kama sigara. Lakini mvuke huo hukausha mdomo na koo, na huwafanya watu wengine wakohoe.

Nikotini nayo inaamsha ubongo na kuongeza mapigo ya moyo. Ukivuta kabla ya kulala, usingizi unachelewa na unakuwa mwepesi. Baada ya saa 2 hivi, nusu ya nikotini imeshatoka kwenye damu. Usiku wa manane mwili unaanza kuidai tena, nawe unaamka.

Ni kweli kwamba vepu imewasaidia watu kuacha sigara. Katika utafiti wa Uingereza wa mwaka 2019, baada ya mwaka mmoja watu 18 kati ya 100 waliopewa vepu walikuwa wameacha sigara. Waliopewa dawa za nikotini kama bandiko au ubani wa kutafuna walioacha walikuwa karibu 10. Lakini wengi wa waliofaulu kwa vepu, 80 kati ya 100, walikuwa bado wanaivuta.

Kumbuka pia: maji ya vepu ni sumu mtoto akiyanywa. Kijana au mama mjamzito ambaye havuti asianze vepu kwa sababu yoyote. Na kwa wanaosafiri, Uganda imepiga marufuku uuzaji wa sigara za kielektroniki kwa sheria yake ya tumbaku ya mwaka 2015.

Nikiacha kabisa, nitalala vizuri lini?

Wiki za kwanza ni ngumu. Unaweza kukosa usingizi, kuota sana na kuwa na hasira. Hali hii ni ya kupita, na kwa wengi hupungua ndani ya wiki 2 hadi 4. Waambie walio nyumbani mapema ili wakuvumilie.

Unachoweza kufanya kuanzia usiku huu

- Lala ubavu, si chali. Inua kichwa kidogo kwa mto au nguo zilizokunjwa.
- Usivute ndani ya nyumba, hata kama watoto wamelala.
- Acha sigara na vepu saa chache kabla ya kulala.
- Usinywe urwarwa au bia karibu na saa ya kulala. Pombe hulegeza koo.
- Pikia nje au fungua mlango na dirisha moshi utoke.
- Chagua siku ya kuacha, mwambie mtu mmoja unayemwamini, na usinunue hata sigara moja moja.

Nenda kituo cha afya ukiona haya

- Anayekoroma anaacha kupumua kwa muda, kisha anashtuka kama anayekabwa.
- Anaamka na kichwa kikimuuma, au anasinzia mchana, hasa kama anaendesha pikipiki.
- Ana shinikizo la damu.
- Mtoto anakoroma karibu kila usiku au anapumulia mdomo.

Dalili hizi zinaweza kuwa za ugonjwa wa kukatika pumzi usingizini, na vepu haiutibu. Mara nyingi mgonjwa mwenyewe hajui, kwa sababu yeye amelala. Basi wewe unayelala karibu naye ndiye shahidi: hesabu mara ngapi pumzi inakatika, umsindikize kituoni, na umweleze muuguzi ulichokiona.